Mwili unapojua hasira kabla ya mwenyewe

Bila shaka nyumbani kwako au kwa jirani yako yupo mtu wa namna hii. Ukimuuliza, "Una nini leo?" anajibu, "Sina kitu." Wala hakufichi. Lakini usiku halali, tumbo linamsokota, kichwa kinamgonga na mabega yamekaza kama ya mtu aliyebeba gunia. Ameshapima malaria, ameshapima vidonda vya tumbo, na majibu hayaoneshi kitu. Mke anadhani amenuniwa. Mwenyewe anadhani amerogwa.

Hali hii wataalamu wanaiita aleksithimia. Neno hilo lilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na daktari Peter Sifneos wa Boston, Marekani, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kukosa maneno ya kuelezea hisia. Si wendawazimu, na wala haihesabiwi kuwa ugonjwa unaojitegemea. Hisia mtu anazo, ila hajui ni ipi iliyomkaa, hofu, huzuni au hasira. Uchunguzi uliotolewa Finland mwaka 1999 uliikuta kwa asilimia 13 ya watu wazima. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 17, kwa wanawake 10.

Sasa tuangalie mwili. Linapotokea jambo la kutisha, hata kama ni barua ya deni tu, ubongo haumsubiri mwenyewe atambue kuwa ameogopa. Unaziamsha tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, misuli inakaza, na tumbo linapunguza kazi yake ya kusaga chakula. Baadaye kidogo hufuata homoni nyingine, kortisoli, ambayo huongeza sukari kwenye damu ili mtu apate nguvu za kupambana au kukimbia. Hatari ikipita, mambo hutulia. Isipopita, kortisoli ikabaki juu kwa muda mrefu, usingizi huvurugika na kinga ya mwili hudhoofika.

Mtu anayejua kwamba anaogopa deni atakwenda kuzungumza na anayemdai. Asiyejua atameza dawa ya kichwa, na deni lipo pale pale. Ndiyo maana watafiti walidhani kwamba watu hawa miili yao hukaa katika hali ya dharura muda mrefu zaidi. Walipopima, majibu hayakuwa ya aina moja. Wengine mapigo ya moyo yalikuwa juu hata wakiwa wamepumzika, wengine miili yao ilishituka kidogo kuliko ya watu wa kawaida, na wengine mdomo ulisema hivi na mwili ukaonesha vile. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba kila mkimya ana presha.

Lugha yetu yenyewe inazichanganya hisia na viungo. Tunasema tumbo joto, roho juu, damu imenichemka. Mgonjwa akisema "moyo unaniuma", daktari ataagiza kipimo cha moyo, kumbe mwenzake kafiwa.

Kulitaja jambo kuna faida. Katika utafiti wa mwaka 2007 huko California, watu walioneshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu. Walipoitaja hisia hiyo kwa neno, amigdala, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, ilipunguza kazi.

Basi ukiwa na mtu kama huyo nyumbani, usimbane kwa kumuuliza anajisikiaje, kwani hana jibu. Anzia kwenye mwili: "Mabega yamekaza tangu lini? Siku hiyo kulitokea nini?" Mara nyingi jambo lenyewe hujitokeza hapo. Na mtoto anayelia usimkaripie tu anyamaze, mwambie, "Umekasirika kwa sababu kaka yako kachukua mpira." Maneno hayo hujifunza kwako kabla ya shule.

Lakini tahadhari. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho la baridi, hayo ni ya kukimbizwa hospitali mara moja, si ya mazungumzo. Vilevile mtu aliyebadilika ghafla baada ya ajali au msiba, akawa hali wala halali, apelekwe kwa daktari, na daktari aambiwe habari ya msiba huo, kwa sababu yeye mwenyewe huenda asiutaje.