Mabingwa wa Seli: Dar Nzima Ndani ya Tone Moja

Mwili wa mtu mzima una seli trilioni 30 na ushei. Nyingi huzioni bila hadubini, lakini rekodi za seli, zetu na za wanyama, zinatia aibu injini na treni. Tuzipime kwa vipimo vya mjini.

1. Kubwa kuliko zote
Yai la mbuni. Kilo 1.4 hivi, sawa na mayai 24 ya kuku. Kwenye trei yanabaki mashimo sita tu. Seli yenyewe ni ule mviringo wa manjano. Ute na ganda ni vifungashio.

2. Ndefu kuliko zote nchi kavu
Twiga wetu wa taifa anashika kombe. Seli ya neva inayoongoza zoloto lake hutoka kwenye ubongo, hushuka shingo nzima hadi kifuani, huzunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, kisha hupanda tena hadi kwenye zoloto. Mita 4 na zaidi za seli moja, karibu Hiace nzima bampa hadi bampa. Na zoloto liko jirani tu na ubongo!

3. Yenye kasi
Ujumbe kwenye neva nene hukimbia hadi mita 120 kwa sekunde, yaani kilomita 430 kwa saa. Treni ya SGR ya Dar–Dodoma mwisho wake ni 160.

4. Fundi wa kufunga mzigo
Kiini cha seli, chenye upana wa milimita 0.006 hivi, kimebana DNA ya mita 2. Kanga iliyotandazwa Mtaa wa Uhuru ina mita moja na nusu. Wafunga marobota wa Kariakoo, mmepata mpinzani.

5. Kiwanda kisicholala
Ndani ya mitokondria mna vimota vinavyozunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde, vikitengeneza ATP, nishati ya seli. Kwa siku moja mwili hutengeneza na kutumia ATP inayokaribia uzito wako mwenyewe. Mfuko wa saruji wa kilo 50 haufui dafu.

6. Bingwa wa mabingwa
Kwangu mimi, ni chembe nyekundu ya damu. Milimita moja ya ujazo ya damu, kama kichwa cha pini, ina chembe hizo milioni 5 hivi. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Mkoa mzima, Bunju hadi Kigamboni! Uboho huzalisha zaidi ya milioni 2 kila sekunde: Uwanja wa Mkapa wenye viti 60,000 ungejaa mara 33 kabla hujapepesa jicho mara ya pili.

Siri yake ni kutupa. Inapokomaa hutoa kiini na kuondoa pia mitokondria, ili ipakie molekuli milioni 270 za hemoglobini, kila moja ikibeba oksijeni nne. Bila kiini haiwezi kujikarabati, basi huishi siku 120 tu.

Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu hazifiki hata hizo: 10 hadi 20. Chanzo ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, na utafiti kuhusu ugonjwa huo ndio uliompa Profesa Julie Makani wa Muhimbili tuzo ya Royal Society Pfizer mwaka 2011. Wengi wa wagonjwa hawa huhitaji kuongezewa damu.

Chupa moja ya damu ya mililita 450 ina chembe nyekundu trilioni 2 hivi. Mwanaume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Kituo cha Damu Salama kipo Mchikichini, Ilala. Kutoka Kariakoo ni kwa mguu.