Butura darasani

Ubunifu unaowajibika ni ule ambao kampuni hujiuliza mapema, kabla bidhaa mpya haijafika sokoni, nani atanufaika nayo na nani atabeba hasara mambo yakienda mrama. Mwaka 2013 watafiti Jack Stilgoe, Richard Owen na Phil Macnaghten waliueleza kwa mambo manne: kutazamia yatakayotokea, kujihoji nia na mipaka ya ujuzi, kuwashirikisha wanaoguswa, na kuwa tayari kubadili mwelekeo. Mwanafunzi wa biashara hukariri manne hayo usiku mmoja na kuyasahau baada ya mtihani. Kisa chenye watu na mahali hukaa zaidi kichwani, na mwinuko wa Kamachumu, wilayani Muleba mkoani Kagera, una visa hivyo.

Cha kwanza ni cha fukusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitaka kumkomesha mdudu huyu anayetoboa migomba, ikaweka kanuni za usafi wa mashamba na wakaguzi wa kuzisimamia. Mdudu alikuwepo kweli, na wataalamu walijua kazi yao. Lakini kibanja cha Mhaya si shamba tu. Humo mna nyumba, migomba, mibuni na makaburi ya wazee. Mkaguzi anayeingia na kuamuru kipi king'olewe ameingia nyumbani kwa mtu. Mwaka 1953 mkutano wa mwanasiasa Ali Migeyo, aliyezipinga kanuni hizo, hapo Kamachumu ulitawanywa na polisi, naye akafungwa. Kanuni ya kilimo ikawa imezaa siasa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KCDP, uliofadhiliwa na Ubelgiji, uliingia Kagera kwa mlango mwingine. Uligawa machipukizi ya migomba mipya, kama FHIA-17 na FHIA-23 zilizozalishwa Honduras, wakulima wapande na kuonja wenyewe. Mikungu ilikuwa mikubwa, ila kwa chakula cha nyumbani wengi waliendelea kupenda ndizi zao za asili. Basi wakaipanda mipya kando ya ile ya zamani, bila kuing'oa.

Kisa kizito kuliko vyote ni butura, yaani kununua kahawa ingali mtini, pengine ikiwa maua, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku, na bado inajua kujificha. Tuseme mfanyabiashara anatoa shilingi 50,000 mwezi Februari kwa gunia ambalo mwezi Juni litauzwa 150,000. Hakuna anayeiita riba, lakini kwa miezi minne fedha imerudi mara tatu. Mwalimu akiishia hapo, darasa zima litamlaani mnunuzi na somo litakuwa limepotea. Swali gumu ni kwa nini mkulima anakubali. Ada ya Januari haisubiri mavuno ya katikati ya mwaka, na mgonjwa hawezi kungoja mnada ufanyike na malipo yapite kwenye chama cha ushirika. Butura ni huduma ya fedha: inakuja hadi mlangoni, haidai dhamana wala fomu, na ndiyo sababu amri peke yake haiiui.

Hapo ndipo wanafunzi wapewe kazi ya kubuni kitu cha kuishinda. Karibu wote watakimbilia mkopo wa simu. Jibu hilo lisikataliwe, lipelekwe kwenye yaliyokwisha kutokea: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mikopo ya namna hii watu wameipachika jina, kausha damu. Wakopeshaji wengine huchukua orodha ya namba zilizomo kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, shemeji na mwajiri wake hupigiwa simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa tabia hiyo moja kwa moja, na mwanafunzi wa biashara anapaswa kuisoma kama anavyosoma sheria ya kodi.

Kisha kila kundi lirudi kwenye mchoro wake na kujibu kwa maandishi: kahawa ikishuka bei, deni litafanywaje? Mjane asiye na simu janja ataingiaje? Ni dalili gani zikionekana kampuni itasimamisha huduma, na nani ndani yake ana mamlaka ya kuisimamisha? Jibu la swali hili la mwisho lisipokuwa na cheo cha mtu, kazi irudishwe ikaandikwe upya.