Mchana Thimlich, Usiku Mbita

Saa sita mchana kwenye lango la Thimlich Ohinga, kivuli chako kimejificha chini ya nyayo. Mlango wa boma hili la mawe ni mfupi, na adui wa zamani aliyethubutu kuingia aliingia ameinama. Kuta zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, na mahali pengine zinapita urefu wa mita 4. Inakisiwa zimesimama hivyo tangu karne ya 16. UNESCO ililiingiza boma hili katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, na tangu hapo wenye kamera wamezidi Migori.

Mmoja wao alikuwa mimi, nimebeba renjifainda ya filamu na lenzi pana ya f/1.4, iliyonigharimu kama mtu anayenunua bodaboda. Jua la ikweta kwa filamu ya ISO 400 linataka f/16 kwa kasi ya 1/500. Shata ya kamera yangu haivuki 1/1000, kwa hiyo sikuweza kufungua tundu zaidi ya f/11. Ule mdomo mpana nilioulipia ulishinda umefumbwa kutwa.

Tuelewane kwanza kuhusu namba. Tundu la lenzi husomwa 1.4, 2, 2.8, 4 na kuendelea, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Kutoka f/1.4 hadi f/4 ni hatua tatu, yaani mwanga umebaki sehemu moja ya nane. Lenzi inayofika f/1.4 huitwa ya kasi kwa sababu shata inaweza kwenda mbio hata penye mwanga hafifu. Inayoanzia f/2.8 au f/4 ni ya polepole. Jina baya, kana kwamba ina uvivu.

Kwenye kamera za kioo cha kupinduka, unachungulia kupitia lenzi yenyewe, hivyo tundu kubwa hukuangazia hata unachokiona. Renjifainda haina habari hiyo. Unachungulia kidirisha kilicho pembeni, na unalenga kwa kusogeza taswira mbili ndogo mpaka zilaliane. Iwe f/1.4 au f/4, kidirisha kina mwanga uleule. Kibaya zaidi, lenzi nene hujitokeza ndani ya kidirisha na kuziba pembe ya chini kulia. Pale Thimlich pembe hiyo ndiyo ilikuwa na mtoto aliyekaa juu ya jiwe. Nilimwona baada ya kusafisha filamu.

Uzito nao ni hesabu. Color-Skopar ya Voigtländer, 35 mm f/2.5, ina takriban gramu 134. Nokton yao ya 35 mm f/1.2, toleo la pili, inakaribia gramu 470. Ukizunguka maboma na vilima siku nzima, shingo itakuambia.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana. Kwa kuwa renjifainda haina kioo ndani, lenzi pana inaweza kupenyeza kioo chake cha nyuma karibu kabisa na filamu. Ludwig Bertele aliitumia nafasi hiyo kwenye Biogon ya 21 mm f/4.5, iliyotoka mwaka 1954 kwa kamera za Contax: mistari ikabaki imenyooka hadi ukingoni. Umbo la namna hiyo huenda vizuri na tundu dogo. Ukitaka tundu kubwa, fundi hulazimika kuongeza vioo, na lenzi inarefuka. Kasoro ya Biogon ni kwamba pembe za picha huingia giza kidogo, na kwenye baadhi ya kamera za kidijitali huchukua rangi ya zambarau.

Sasa twende Homa Bay, usiku usio na mbalamwezi. Huo ndio usiku wa omena. Wavuvi huelea na taa majini, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, na samaki wadogo hufuata mwanga mpaka wavuni. Ukisimama ufukweni Mbita utadhani kuna mji ng'ambo.

Ndani ya mtumbwi, nyuso zilizo karibu na taa zilitaka f/1.4 kwa 1/30. Kwa f/4 hesabu hiyo inakuwa 1/4, na hakuna mvuvi anayevuta wavu akatulia robo ya sekunde. Hapa lenzi ya kasi ililipa deni lake, ingawa si lote. Lenzi ya 35 mm iliyofunguliwa f/1.4, ukilenga mtu aliye mita 1, ina kina cha ukali cha kama sentimita 7 tu. Mtumbwi unayumba kuliko hapo. Pua inakuwa kali, sikio limeyeyuka. Nilirudi nyuma hadi mita 2, nikafunga hadi f/2, kina kikafika sentimita 40, nikaikubali 1/15 na picha chache zilizotikisika.

"Keti chini, mzee," nahodha alinirai mara mbili. Alikuwa na haki.

Zile taa za mbali zilinifunza kitu kingine. Lenzi yangu ni ya umbo la zamani, na ikifunguliwa wazi, nukta ya mwanga iliyo pembeni ya picha huota mabawa. Leica walipunguza sana kasoro hiyo kwenye Summilux ya 35 mm ya mwaka 1994 kwa kioo kisicho cha mviringo kamili. Yangu haina, na picha yangu moja ina kundi la ndege wa moto upande wa kushoto.

Lakini giza peke yake lisikudanganye. Kisiwani Mfangano, kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, kuna michoro ya miduara nyekundu na nyeupe. Kivuli kipo, ila michoro haiendi popote. Tripodi, f/5.6, kasi ya sekunde 1, basi. Kinachodai tundu kubwa ni kitu kinachosogea gizani.

Ndiyo maana ukiniuliza ununue ipi kwanza, nitakwambia 28 mm ya f/2.8. Iweke f/8, lenga mita 3.3, na kila kitu kuanzia mita 1.6 hadi upeo wa macho kinafaa. Hutagusa tena pete ya kulenga sokoni kutwa. Mwenye kamera ya kidijitali akipandisha ISO hadi 3200 anaipata ile picha ya mtumbwini kwa f/2.8 na 1/60. Mwenye filamu na mapenzi ya usiku ajiongezee 35 mm ya f/2 baadaye. 21 mm ya f/1.4 mwachie mwenye pesa za kuchezea.

Na yoyote utakayoichagua, usiifungie kwenye begi la ngozi ukikaa kando ya ziwa. Unyevu ule huotesha kuvu juu ya kioo, na kuvu haiulizi tundu ni la ngapi.