MOTERE IMEBADILISHWA, GARI INAKATAA KUWAKA: TUANZIE WAPI?



Ku barabara zetu gari nyingi za zamani zingali zinatembea na motere ambayo haikuzaliwa pamoja nazo. Ile ya kwanza ilikufa, wenye gari wakachanga feza, wakanunua ingine ya okazyo, fundi akaitia. Kisha inafika siku ya kuwasha: demarere inazunguka, motere inakohoa, inatetemeka, inazimika. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema motere ni mbovu. Yule anasema fundi ni mwizi. Mwingine anasema kuna mtu aliyeifunga gari. Na gari ile njo ilikuwa ya kupeleka wagonjwa ku hospitali na mahindi ku soko. Tunataka kueleza hapa namna ya kutafuta ubaya mbele ya kumshitaki mtu na mbele ya kutoa feza ingine.

Kutia motere ingine ni kufungua vitu vingi na kuvifunga tena: nsinga za umeme, mipira ya esanse, delko, karbiratere. Motere nzima inaweza kukataa juu ya nsinga moja tu. Kwa hiyo tunaanza na vile mikono iligusa. Tumbo la motere tunaliangalia mwisho. Tena tunabadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, na tunakiandika mu kaye. Ukibadilisha vitatu pamoja na motere ikawaka, hautajua ni kipi kilichokuwa kibaya.

Tutoe mfano wa Land Rover Series III ya esanse, yenye silindri 4, ambayo ilitengenezwa tangu 1971 mpaka 1985. Motere ya namna hii inaomba vitu vine: izungushwe kwa nguvu, ipate cheche kwa saa yake, ipate esanse na hewa kwa kipimo, na ikandamize ile hewa vizuri. Tuvifuate moja moja.

1. Kuzunguka. Kama demarere inazunguka kwa uvivu na batri iko na nguvu, tafuta nsinga ya masi, ile nene inayounganisha motere na shasi. Motere inakaa juu ya mipira, na mipira haipitishi umeme. Njo sababu nsinga hii ni ya lazima. Mafundi wengi wanaisahau chini ya gari, ao wanaifunga juu ya rangi na kutu. Alama yake: kable ya startere ao ya aksileratere inapata moto, kwa kuwa umeme unatafuta njia ingine. Funga kable nene toka upande wa masi wa batri mpaka chuma cha motere. Kama sasa inazunguka mbio, umeona ubaya. Usishike demarere zaidi ya sekunde 10, iache ipumzike.

2. Cheche. Toa nsinga ya buji moja, tia mo buji ya akiba, ulaze chuma chake juu ya chuma cha motere, mbali na esanse, usishike kwa mkono mtupu. Mwenzako azungushe demarere. Kama hakuna cheche, chukua taa ndogo ya kupimia. Kontakti ikiwa wazi, taa inapaswa kuwaka ku upande wa bobini unaopokea umeme. Ku upande ule mwingine, unaokwenda ku delko, inapaswa kuwaka na kuzimika wakati motere inazunguka. Kama haifanye vile, fungua delko: visi platine ni chafu, ao nsinga yake ndogo inagusa chuma. Nafasi ya visi platine ni milimetre 0,35 mpaka 0,40. Ya buji ni 0,75 mpaka 0,80.

3. Saa ya cheche. Hapa njo motere nyingi zilizobadilishwa zinakwama. Cheche iko, esanse iko, lakini motere inapiga baruti kupitia karbiratere. Land Rover hii inawasha silindri zake kwa mpango wa 1-3-4-2, na silindri ya 1 ni ile ya mbele, karibu na radiatere. Nsinga mbili zikibadilishana, motere inaweza kuwaka lakini inatetemeka kama mtu wa malaria.

Kuna kosa lingine la siri. Pistoni ya 1 inafika juu mara mbili, lakini delko inazunguka mara moja tu wakati motere inazunguka mara mbili. Mara moja pistoni inakandamiza hewa, mara ya pili inafukuza moshi. Fundi akifuata alama ya puli peke yake, anaweza kupanga delko ku saa ya moshi. Namna ya kujua: zima kontakti, toa gari mu vitesi, funga breki, toa buji zote. Ziba tundu la silindri ya 1 kwa kidole gumba, bila kukiingiza ndani, na mwenzako azungushe polepole kwa manivele. Pale hewa inaposukuma kidole, endelea mpaka alama zikutane. Sasa fungua delko: kile kidole kinachozunguka ndani kinapaswa kutazama nsinga ya buji ya 1. Kama kinatazama ile ya 4, delko imepita nusu duara.

4. Esanse. Gari iliyokaa miezi bila kutembea inaweza kuwa na kutu na maji mu rezervwari. Ondoa umeme wa bobini, toa mpira ku karbiratere, uingize mu chupa, zungusha demarere. Esanse inapaswa kuruka kwa mapigo, safi. Usivute sigara, wala kuleta taa ya petroli.

5. Ikiwaka lakini inatetemeka. Kama inakubali kukaa tu wakati startere imevutwa, inaweza kuwa inavuta hewa ya wizi. Angalia jointi ya kolektere, mpira mudogo wa delko, na mpira wa servo ya breki kama iko. Nyunyiza maji kidogo ku maungio, usiloweshe delko. Sauti ikibadilika, ni pale. Usinyunyize esanse hata siku moja.

Kutafuta silindri inayolala: zima motere, toa nsinga ya buji moja, uweke nsinga ile iguse masi, washa tena. Kama sauti inaharibika zaidi, silindri ile inatumika. Kama haibadiliki, ile njo inalala. Peleka buji yake ku jirani. Kama ugonjwa unahama pamoja na buji, nunua buji tu. Kama unabaki, jaribu nsinga, kisha upime kompresio.

6. Kompresio. Sasa tu tunaingia ku tumbo. Silindri mbili za jirani zikiwa zaifu pamoja, jointi ya kilasi inaweza kuwa imepasuka. Ikiwa moja ni zaifu, mwanga mo mafuta kidogo ya motere, pima tena. Ikipanda, segma zimekwisha. Isipopanda, tazama supapi ao jointi.

Gari za leo zenye kompyuta zinafuata mpango ule ule, lakini usitoe nsinga zake wakati motere inatembea, na usome kwanza makosa ku chombo chake. Na gari yoyote isiwashwe ndani ya garaji iliyofungwa: moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya.

Mithali inamlaumu mtu anayejibu mbele ya kusikiliza. Motere nayo inasema: kwa cheche, kwa kikohozi, kwa kutetemeka. Kama hesabu za kaye zinaonyesha kompresio mbaya, mwende nazo kwa muuzaji, mkazungumze na ushuhuda mu mkono. Kama zinaonyesha nsinga ya masi iliyosahauliwa, mmeokoa feza ya watu, na fundi wenu amebaki na jina lake.