Soko la Pamoja halijafungua mlango wa ardhi Zanzibar

RUBAVU – Raia wa Rwanda huingia Tanzania bila viza na anaweza kupeleka bidhaa zake sokoni huko. Lakini akitaka kiwanja Unguja au Pemba, uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haumsaidii. Mbele ya sheria ya ardhi ya Zanzibar, mtu wa Gisenyi na mtu wa Milan wote ni wageni.

Wenye akiba mjini hapa wanaofikiria nyumba ya pwani wanapaswa kulijua hilo kabla ya kutoa fedha.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, iligusa bidhaa, huduma, mitaji na wafanyakazi. Kuhusu ardhi, kifungu cha 15 kimeacha kila nchi ifuate sera na sheria zake. Kenya, kwa Katiba ya 2010, humpangisha asiye raia kwa muda usiozidi miaka 99. Tanzania Bara humruhusu kutumia ardhi kwa uwekezaji tu. Zanzibar ina sheria yake, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote visiwani ilifanywa mali ya serikali. Sheria ya 1992 humpa Mzanzibari haki ya kuitumia. Mgeni hukodishwa kwa mradi ulioidhinishwa. Njia nyepesi zaidi ilikuja na Sheria ya Kondominiamu ya 2010, inayomwezesha mgeni kumiliki nyumba ndani ya jengo la pamoja. Ndiyo maana miradi kama ule wa Fumba huuza nyumba, si viwanja.

Hatari iko kwenye mauziano ya mkono kwa mkono. Mnyarwanda amezoea kiwanja chenye namba na hati, matunda ya usajili wa nchi nzima uliokamilika 2013. Visiwani maeneo mengi hayana hati, na mwenye minazi au mikarafuu si lazima awe mwenye haki ya ardhi iliyo chini yake. Karatasi iliyoshuhudiwa na sheha haimfanyi mgeni kuwa mmiliki.

Mahali nako kuna uzito wake. Magharibi mwa Unguja kuna udongo mzito na mvua nyingi; mashariki ni mawe ya matumbawe, pakavu, na maji ya kunywa ni ya shida. Pemba ina vilima na mvua zaidi. Anayefika Julai, wakati wa kusi, hukuta ubaridi mwanana; arudi Aprili aone masika kabla ya kuamua.

Mnunuzi aanzie Mamlaka ya Kukuza Uwekezaji Zanzibar, ahakikishe mradi umeidhinishwa, na amtafute wakili wake mwenyewe, asitegemee wa muuzaji.