Asali ya nyuki wadogo: bei yake inalipia nini?

Kuanzia vilima vya Keza wilayani Ngara hadi misitu ya miyombo ya Biharamulo, asali ni chakula, ni zawadi na ni biashara. Lakini asali hazilingani bei. Ile ya nyuki wadogo, hawa wasiouma, mara nyingi huuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya asali ya nyuki wakubwa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama tofauti hiyo ni halali au anapigwa tu. Naamini ni halali. Ila sababu inayoihalalisha siyo ile wauzaji wengi wanayoitanguliza.

Tuanze na kazi yenyewe. Nyuki wadogo hukaa kwenye mapango ya miti, kwenye nyufa za kuta na hata ndani ya vichuguu. Hawajengi masega ya asali. Asali wanaiweka katika vifuko vya mviringo walivyofinyanga kwa nta na utomvu wa miti, vidogo kama zabibu, vimeshikamana vishada vishada. Pembeni yake kuna vifuko vingine vyenye chavua, na mrinaji mwenye pupa akivikamua vyote kwa pamoja, asali inatoka na ukungu na ladha ya ukakasi. Anayejua kazi hutoboa vya asali peke yake, taratibu. Na baada ya taabu yote hiyo, kundi moja humpa lita moja au mbili kwa mwaka, pengine hata chini ya hapo, wakati mzinga mzuri wa nyuki wakubwa unaweza kutoa kilo kumi na tano na kuendelea. Kuna jambo zito zaidi: njia rahisi ya kuipata asali hii ni kuangusha mti na kupasua pango, na kundi likaishia hapo. Anayewahamishia nyuki kwenye mzinga na kuwaachia akiba yao anavuna kidogo kila mara. Ukimlipa bei ya yule aliyekata mti, unamfundisha naye ashike shoka.

Sababu ya pili ni ladha. Asali hii ni nyepesi, ina uchachu kama wa limau na harufu ya utomvu, na hakuna sukari ya dukani inayoweza kukupa hayo. Wepesi huo unatokana na maji mengi yaliyomo. Kiwango cha kimataifa cha Codex, kilichowekwa kwa ajili ya asali ya nyuki wakubwa, kinataka maji yasizidi asilimia 20. Ya nyuki wadogo huwa na asilimia 25 au zaidi, hivyo huchachuka upesi na huweza kutoa povu chupani. Hapo ndipo majaribio ya mitaani yanapotupotosha. Watu hudondosha tone kwenye glasi ya maji waone kama litazama bila kusambaa, huchovya njiti ya kiberiti waone kama itawaka, au husubiri sisimizi. Asali halisi ya nyuki wadogo, kwa wepesi wake, husambaa majini haraka na njiti yake hugoma, ilhali sharubati nzito ya sukari hufaulu vizuri. Asali iliyoganda nayo hutupwa kwa kudhaniwa ina sukari, kumbe kuganda ni tabia ya kawaida ya asali nyingi safi.

Wapo watakaosema thamani yake ni dawa, na kwa dawa mtu halalamikii bei. Hapa napinga. Ni kweli asali huzuia baadhi ya bakteria na hutuliza kikohozi. Ni kweli pia kwamba mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walikuta katika asali ya nyuki wasiouma wa Australia, Malaysia na Brazili sukari adimu iitwayo trehalulosi, ambayo huingia kwenye damu polepole. Lakini nyuki waliopimwa hawakuwa wa Ngara wala Biharamulo, na kukuta sukari hiyo si sawa na kutibu kisukari wala vidonda vya tumbo. Anayeuziwa chupa kwa ahadi ya kupona analipia ahadi, na ahadi haimo ndani ya chupa.

Pingamizi la mwisho lina uzito: je, kaya inayohesabu shilingi inunue asali ya anasa wakati maharage yapo? Kama inatafuta lishe, inunue maharage bila kusita. Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali pamoja na sukari zinazopaswa kubaki chini ya asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku. Kitu cha anasa hakiuzwi kwa kushibisha, na ndiyo maana kipimo chake kiwe kidogo: kijiko juu ya kiazi kitamu cha kuchemsha kinatosha kukuonyesha ulicholipia.

Basi nunua robo lita badala ya dumu, kwa mrinaji unayeweza kurudi kwake. Muulize ameitoa wapi na kama kundi limebaki hai. Akikujibu bila kubabaika, mlipe bei yake yote. Ihifadhi mahali pa baridi, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote, iwe ya nyuki wadogo au wakubwa.