Ritifaa katika jina la Mwang'ombe

Kuanzia Voi mpaka Wundanyi, Mwang'ombe ni jina la kawaida kabisa. Likiingia kwenye kompyuta linaweza kugeuka majina matatu, na chanzo ni kile kialama cha katikati, ritifaa.

Kompyuta hutambua kila alama kwa namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Ritifaa iliyonyooka (') ni 0027, iliyopinda (’) ni 2019. Kile kimkwaju (`) kilicho juu ya kitufe cha Tab, ambacho wengi hukibonyeza wakidhani ndicho chenyewe, ni 0060 na si ritifaa kamwe. Kwa hiyo karani akisajili Mwang’ombe na mwenzake akatafuta Mwang'ombe, mfumo unaweza kujibu kwamba mtu huyo hayupo, naye amesimama pale dirishani na kitambulisho mkononi.

Mara nyingi mwandishi hata hajui alama imebadilika. Word huipinda ritifaa yenyewe. Ukitaka ibaki imenyooka, bonyeza Ctrl na Z pamoja mara tu baada ya kuiandika. Kwenye iPhone, zima Smart Punctuation katika mipangilio ya kibodi.

Kwenye SMS tofauti hiyo hugusa mfuko. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 kwa kuwa hutumia orodha fupi ya herufi, ambamo ritifaa iliyonyooka imo na iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu iliyopinda, ujumbe mzima huhamia mpangilio mwingine wenye nafasi 70. Chukua mwalimu wa Voi aliyeandika tangazo la mkutano kwenye Word, herufi 150, kisha akalinakili kulituma kwa wazazi 400. Mtoa huduma asipoirekebisha alama hiyo, kila tangazo hukatwa vipande vitatu, na shule hulipia SMS 1,200.

Wengine huona heri kuiondoa ritifaa kabisa. Napinga. Mwangombe husomwa kwa sauti ya ngoma, na hilo si jina alilopewa mtu na wazazi wake. Tena zipo fomu za mtandaoni zinazoikataa ritifaa kwa sababu katika SQL, lugha ya hifadhidata, alama hiyo hufungua na kufunga maneno; mtayarishaji mzembe akiunganisha jina moja kwa moja na amri, amri huvunjika, naye huamua kuipiga marufuku. Dawa ipo siku nyingi: amri itumwe peke yake na jina peke yake. Hiyo ni kazi ya mtayarishaji, si mzigo wa mwenye jina.

Katika kitabu cha kuchapwa, iliyopinda inapendeza, itumieni. Katika fomu, SMS na orodha za majina, andikeni iliyonyooka. Nanyi vijana mnaotengeneza mifumo ya shule na vyama vya akiba hapa Voi, Mwatate na Taveta, kabla ya kumkabidhi mteja kazi, sajilini Mwang'ombe kisha mtafuteni kwa ritifaa zote mbili. Asipopatikana, kazi bado haijaisha.